Sifa za Ufa

Nyota zimesifiwa, bahari imesifiwa, hata mnazi una washairi wake. Ufa haujapata beti moja. Umeambulia methali ya kuuzushia balaa, kwamba usipouziba utajenga ukuta. Aliyeitunga alikuwa fundi wa nyumba, bila shaka, na kazi zilimjia kwa wingi. Hakuwahi kununua sanamu ya kauri ya mtumba. Angenunua, angejua kwamba katika soko hilo anayeziba ufa ndiye wa kukimbiwa, na ufa wenyewe ndio shahidi pekee asiyehongeka.

Chukua zile sanamu za watoto wa Kijerumani zinazoitwa Hummel. Berta Hummel, mtawa wa Kifransisko aliyepewa jina la Maria Innocentia, alichora watoto wa vijijini wenye mashavu mekundu, na mwaka 1935 kiwanda cha Goebel huko Bavaria kikaanza kuwauza wakiwa sanamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari wa Kimarekani waliwafungasha kuwapelekea mama na wachumba. Sasa wengi wa wapokeaji wamefariki, wajukuu hawana rafu ya kuwaweka, na watoto hao wamejaa minadani na kwenye magulio ya Marekani na Ujerumani kwa bei ya kutupa. Wengi wameshika kitu: mwavuli, ndege, ua, kikapu. Yaani kila mmoja amekuja na mahali pake pa kuvunjikia.

Nasaba ya ufa si ya kubezwa. Enzi ya wafalme wa Song wa Kusini, huko Hangzhou, China, wafinyanzi wa kasri waliziacha nyufa zitambae kwenye vyombo vyao makusudi. Siri yake ni ndogo. Utando wa kioo ukisinyaa kuliko udongo ulio chini yake, hujikuta kama gauni la mdogo mtu kwenye kiuno cha dada yake, na huachia. Kwa mfalme huo ulikuwa urembo. Kwa Hummel ya miaka 70, ambayo udongo wake umefyonza unyevu ukavimba polepole, ni nyufa za namna ileile, ila mnunuzi anadai apunguziwe bei. Ufa haukubadilika, kilichobadilika ni mteja.

Tena ufa unasema. Iweke sanamu kiganjani, igonge kidogo kwa ukucha. Nzima hulia ting. Yenye ufa hujibu dup, na mazungumzo yanaweza kuishia hapo. Kisha pitisha ukucha mahali ambapo macho hayapendi kwenda: shingoni, kwenye vidole, ukingo wa kofia, mpini wa mwavuli, mdomo wa ndege. Ukucha ukikwama, umekutana na mkweli. Ukipita mahali penye ulaini wa kutia shaka, pagusishe kwenye jino. Ndiyo, jino. Utando uliochomwa tanurini ni mgumu na wa baridi. Rangi ya mficha siri ni laini na haina ubaridi ule. Watu watakutazama. Waache. Ukiwa bado na wasiwasi, omba kona yenye giza, utoe tochi ya mwanga wa zambarau, ndugu wa ile taa ambayo makeshia huipitishia noti. Gundi na rangi ya baadaye mara nyingi hung'aa tofauti na kauri, na mtoto aliyekuwa mzima mchana anaweza kutokea gizani na kola inayometa shingoni. Kichwa kilishawahi kuondoka.

(Tundu dogo mgongoni au chini ya kitako si jeraha. Liliachwa ili hewa ya moto itoke, sanamu isipasukie tanurini. Wapo wanaoliombea punguzo, na wapo wauzaji wanaowapa.)

Kwetu nako, kwenye vinyago vya Kimakonde, ufa haujawahi kula rushwa. Mti mweupe uliopakwa kiwi ukasuguliwa vizuri hupita kwa mpingo mbele ya mgeni, hadi ufike kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto kavu la majira ya baridi. Hapo hupasuka, na ndani ya ufa kuna weupe mtupu. Mpingo halisi nao hupasuka, lakini hupasuka mweusi.

Wauzaji nao huuheshimu ufa, kila mtu kwa adabu yake. Mmoja atakupigia picha sita za sanamu, zote za usoni, halafu aandike kwamba "iko vizuri kwa umri wake", maneno ambayo mimi huambiwa na daktari na sijawahi kuyafurahia. Mwingine atautaja ufa kabla hujauliza, akupe na lenzi uutazame, apunguze bei, na kuanzia hapo utamwamini kwa kila kilichomo mezani pake. Hebu fikiria ni nani mwingine angemjengea muuzaji jina jema namna hiyo, bila mshahara. Kuna na yule wa tatu, mchangamfu, anayekuzungushia sanamu mbele ya macho upande huu na upande ule huku kidole gumba kikiwa hakibanduki pale shingoni. Mwombe abadilishe mkono.