Nyota Zinanihepa Kitale

Jirani, weka hicho kikombe chini kwanza nikuulize kitu. Umewahi kununua mali, ukailipia, ukaibeba mpaka nyumbani, halafu mali yenyewe ikaanza kukuhoji? Redio haikuulizi leo ni tarehe ngapi. Jiko halitaki kujua unakaa wapi. Lakini hii darubini yangu, wueh! Ukiiwasha tu inakuhoji kama chifu siku ya kuandikisha vitambulisho.

Na wala sikuwa nimeenda kununua darubini. Mama watoto alinipa pesa za friji. Kulikuwa na mzungu Milimani anahama, anauza vitu vya nyumba. Nafika, friji imeshaenda. Imebaki meza ya kupigia pasi na hii dude. Mzungu akaniambia ina mota. Hapo ndipo aliponimaliza. Ati unailenga nyota mara moja, mota inaifuata yenyewe, wewe unakunywa chai. Nikapiga hesabu ya haraka. Kila mtoto wa mtaa shilingi ishirini, aone mwezi. Friji ingeniletea nini? Maji baridi, na Kitale hii yetu maji yako baridi tangu tuumbwe. Nikalipa. Nilivyopokelewa nyumbani sisimulii, kuna watoto hapa kibandani.

Sasa rimoti. Hata nati sijamaliza kukaza, imeanza. Uko wapi? Ina orodha ya miji ndani. Nairobi iko, Kitale haiko. Nikaweka Nairobi, si Kenya ni moja. Tarehe? Nikaandika siku kwanza, halafu mwezi, kama mtu aliyesoma. Ikakataa. Kumbe huko ilikotoka mwezi ndio unaanza, na mwezi wa ishirini na tano hawana. Saa? Nikachungulia nje. Giza. Saa mbili usiku. Nikaandika mbili. Ikataka kujua ni mbili ya kabla ya adhuhuri au ya baada. Usiku si unakuja baada ya adhuhuri? Nikabonyeza baada.

Nikachagua nyota kwenye orodha, Sirius, ile inayong'aa kuliko zote. Rimoti ikaniandikia kwamba Sirius haijachomoza. Jamani! Mimi naiona. Watoto wanaiona. Mbwa anaibwekea. Rimoti inasema iko chini ya ardhi. Kijana wangu akaja, akasoma, akasema, "Baba, saa mbili usiku hapa unaandika nane." Nane ya nani? Saa inaanza jua likichomoza, hata kuku anajua. Lakini wenye mashine wanaanza kuhesabu siku usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Kwa hivyo mimi na rimoti tulipishana masaa sita. Anga inazunguka digrii 15 kila saa, zidisha mwenyewe. Digrii 90. Robo nzima ya anga imepotea, na lawama napewa mimi.

Swali la mwisho lilikuwa jepesi. Uko kaskazini au kusini? Hilo nalijua. Kila jioni redioni wanasema nchi zilizo kusini mwa jangwa la Sahara. Nikabonyeza kusini, tena kwa nguvu.

Basi nyota zikaanza kunihepa. Naweka Sirius katikati ya kioo, naita mteja wa kwanza. Anainama. "Sioni kitu." Naangalia, kweli hakuna. Naitafuta, naiweka, namwita. Hakuna. Mtoto anataka ishirini yake. Wa nyuma yake pia anataka ishirini yake, na huyo hata hajainama. Nikazima mota kwa hasira, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana nyota ilikaa muda mrefu zaidi mota ikiwa imezimwa! Yaani nimelipa pesa ya friji ili nyota zitoroke haraka.

Nikabadilisha nyota. Kulikuwa na moja chini chini upande wa mjini, nyekundu, imetulia. Hii ilikuwa na adabu. Mota ikizimwa, iko pale pale. Mota ikiwashwa, inaondoka. Nikazima, nikawatangazia kwamba hii sasa ndiyo Mirihi, na bei ni ile ile. Msichana mmoja wa fom tuu akainama. Akakaa. Akakaa sana. Kisha akainua kichwa, akaniambia kwa heshima zote, "Anko, Mirihi iko na ngazi."

Ilikuwa taa ya mlingoti wa simu. Mimi ningejuaje? Hii darubini inapindua vitu juu chini, hata ngazi ukiiona unaona kitu kingine. Lakini nenda sokoni sasa, uone wanavyoniita. Mirihi! Mirihi, leta nyanya! Mirihi, umeshuka?

Nikaamua mashine ni mbovu. Kuna fundi nilisifiwa Bungoma, anatengeneza pikipiki na redio, nikaona kitu chenye mota na waya hakiwezi kumshinda. Nikapanda matatu na dude yote, miguu mitatu, bomba, na yale mawe mawili ya chuma ya kusawazisha uzito. Makanga akanitoza nauli ya watu wawili. Sikubishana. Nilijua safari ni ndefu na matusi yako mbele.

Matusi yaliingia Kiminini. Mama mmoja akaketi, akayaangalia yale mawe ya chuma miguuni pangu, akaniangalia usoni, akarudi kwa mawe. "Wewe ni broka wa mahindi?" Nikasema hapana mama, haya ni ya nyota. "Ya nyota!" Gari lote likageuka. Na unajua watu wa Trans Nzoia na mizani ya mabroka. Kutoka hapo mpaka Kamukuywa nilisimuliwa kila gunia lililowahi kupunjwa tangu babu zao, na wa kulipa ni mimi. Mzee mmoja akashuka Misikhu bila kuniaga, na alikuwa ameaga kila mtu, hata mtoto mchanga. Webuye nikayafunika mawe kwa koti. Hapo sasa nikaonekana nimeficha.

Fundi wa Bungoma alifungua kile kisanduku cha gia. Kuna gia ya duara yenye meno mengi, na kandokando yake chuma kirefu kilichochongwa skrubu, hicho ndicho kinachozungushwa na mota. Akashika, akatikisa. "Mzee, iko na plei." Na grisi ilikuwa imekauka ikawa nta. Akasafisha, akapaka grisi ya pikipiki, akakaza mpaka plei ikaisha. Akawasha. Mota ikalia, ikasimama. Akalegeza. Sasa ikazunguka, lakini ukiirudisha upande wa pili mota inanguruma kwanza, darubini imekaa tu, meno yanatafutana, halafu ndiyo inashtuka. Akakaza nusu. Akaomba pesa ya lanchi. Kisha akauliza moto natoa wapi. Nikamwonyesha betri zangu nane za tochi, ambazo hata hazikuwa mpya, zilikuwa za redio. Fundi akawaita wenzake waje waone. Wakaja na spana mkononi, wakaziangalia betri, wakaniangalia. Ati ndiyo sababu rimoti ilikuwa inaandika kwamba mota hazijibu. Njaa! Nikakodishiwa betri ya bodaboda, volti 12, na mwenyewe akaifuata nyuma kuhakikisha siiuzi.

Usiku ukaingia, sina pa kulala, nikaenda kwa shemeji Kanduyi. Hilo ndilo nililokuwa nakwepa tangu asubuhi. Shemeji ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Hajawahi kuniambia jambo moja kwa moja. Anakuuliza, halafu anasubiri, halafu dada yake anaambiwa kwa simu.

"Shemeji, Kitale iko digrii ngapi?"

Nikamwambia usiku ni baridi, kama kumi na mbili hivi.

Akafunga macho. Akauliza tena. "Ikweta inapita wapi?" Hapo nilikuwa na jibu. Maseno, kuna alama pale barabarani. "Na Bungoma iko kaskazini ya Maseno au kusini?" Nikamwambia inategemea unatoka wapi. Mke wake akainuka, akaenda jikoni. Nilisikia kicheko cha sufuria, maana watu hawacheki hivyo.

Shemeji akachukua rimoti, akakuta ile kusini yangu. Akaeleza polepole, kama nilikuwa fom wani. Dunia inazunguka, sisi tunaona nyota zinapita. Ukizima mota, nyota inavuka eneo lenye upana wa mwezi mpevu kwa dakika mbili. Mota ikizunguka upande wake sawasawa, nyota inasimama. Lakini mashine ikidhani iko kusini ya ikweta inageuza mota, inakimbia kinyume, basi nyota inavuka kwa dakika moja. Mara mbili ya spidi. Halafu akakuta spidi yenyewe nimeiweka ya mwezi. Ndiyo, si mwezi ndio nilikuwa nauza? Ati mwezi unabaki nyuma ya nyota karibu upana wake mzima kila saa, kwa hivyo spidi zake ni tofauti. Nyota zinataka mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Zile dakika karibu nne zinazobaki zinaenda wapi, sikuuliza. Sufuria bado ilikuwa inasikiliza.

"Kutoka hapa hapa Kenya," akasema, "kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ikaenda kupima eksirei za nyota. Wewe kaskazini inakushinda."

Lakini kuna kitu kimoja alikubaliana na mimi, na nataka ukisikie vizuri maana nyumbani hawakiamini. Mashine hii haikutengenezewa watu wa huku. Ina mhimili, na mhimili huo lazima uelekee pale ambapo anga inaonekana kuzunguka. London pako juu, zaidi ya digrii 51, na kuna nyota ya Polaris karibu ya kukuonyesha. Sisi Kitale ni digrii moja. Bungoma ni nusu. Yaani Polaris yangu iko upande wa Kapenguria, imelala chini kabisa, nyuma ya blugamu za jirani, na mwezi wa saba ongeza mahindi, maana jirani anapanda H614 ya Kenya Seed, inapita paa la choo. Na hata ningeiona, skrubu ya kushusha mhimili inagota digrii 15. Haishuki tena. Waliona nani atakaa ikweta na darubini? Ukilazimisha, yale mawe ya mizani yanagonga mguu.

Shemeji akaweka matofali chini ya mguu wa kusini, dude yote ikainamia kaskazini. Mimi kazi yangu ikawa kushikilia isianguke.

Kaskazini yenyewe tuliitafuta kesho yake mchana, kwa uzi na jiwe. Dira ya simu yangu alinikataza, ukiiweka kando ya chuma inapenda chuma. Tukasubiri kivuli cha uzi adhuhuri. Saa sita ikafika, nikasimama na chaki. "Keti," akasema. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, huko Mogadishu. Bungoma tuko nyuma zaidi ya dakika arobaini, na mwezi wa kwanza adhuhuri ya kweli inakaribia saa saba. Kwa hivyo maisha yangu yote nimekuwa nikila chakula cha mchana kwa saa ya Mogadishu. Nikakaa juani na chaki yangu.

Jioni tukawasha. Mshtarii ikawekwa katikati. Shemeji akarekebisha kidogo, akaangalia nyota ya juu kichwani kama inateleza kaskazini au kusini, akasogeza, akaangalia tena. Halafu ikakaa. Jirani, ikakaa! Watu wakaanza kuingia uani, mulembe, mulembe, wakapanga foleni. Wakaona zile nukta nne kando yake, miezi ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Wazee wakaona. Watoto wakaona mara mbili. Makanga fulani aliyekuwa anapita akaona. Mimi nilikuwa nyuma ya foleni kwa sababu ati ni vibaya mwenye kitu kuwatangulia wageni. Nilipofika mbele, nikainama, mwenye bodaboda akachomoa betri yake. Muda umeisha.

Sasa sikiliza mwisho wake. Shemeji alichanganya saruji akaweka alama tatu pale uani, kila mguu na shimo lake, na matofali akayajengea. Ati ukiihamisha Kitale unaanza upya kila kitu, uzi, chaki, jua, kwa nini ujitese? Mama watoto aliposikia akasema iache huko huko. Kwa hivyo iko Kanduyi. Wanafunzi wanaiita darubini ya mwalimu. Juzi nilipiga simu kuuliza kama naweza kuja Ijumaa nione Zohali. Shemeji akaniambia Ijumaa ni ya fom tuu, Jumamosi wanakwaya wameshaomba, na nikija wiki ijayo nije na betri yangu.