Msomaji wa Vitabu Vinne

Watu hawana shukurani. Wanamcheka shoga yangu wa Al Khoudh ati kaweka nadhiri ya kitabu kimoja kila wiki, na tangu Mfunguo Mosi yumo kwenye vinne kwa mpigo. Walitaka avimalize? Kumaliza ni pupa. Mgeni mwenye adabu huonja halwa kwa ncha ya kidole, hafuti sahani.

Katika Peponi ya Gurnah kafika ukurasa wa 9, peponi haparukiwi. Kumbukumbu za Bibi Salme zilichapishwa 1886, zimezoea kungoja. Riwaya ya Jokha Alharthi, iliyoshinda Man Booker International mwaka 2019, inalinda meza isiungue na buli. Na Kasri ya Mwinyi Fuad, ah, hiyo analijua jalada lake kwa moyo.

Maonyesho ya vitabu ya Muscat hayampiti. Huenda na begi la magurudumu, kama wenzake waendavyo sokoni Mutrah. Kila kitabu hupata alama yake: risiti ya kilichofuata.

Jana kanunua cha tano, kinafundisha kusoma haraka. Anakisifu mno. Atakianza taratibu, inshallah.