Sifa za Soda ya Ziro

Ziro ya kidato cha nne huwaliza wazazi. Ya kwenye kopo hununuliwa kwa tabasamu, na kwa haki. Kopo la kola ya kawaida la mililita 330 lina gramu 35 hivi za sukari. La ziro halina hata chembe. Utamu wake mara nyingi ni wa aspatamu, iliyogunduliwa mwaka 1965 na James Schlatter, mkemia wa Marekani aliyekuwa akihangaikia dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili aokote karatasi. Ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi. Usafi wa maabara nao una mipaka yake, tushukuru.

Lakini sifa kuu ni kwa meno. Sukari hufanya kazi kupitia dalali: bakteria wa kinywani wanaila, wanatoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Ziro imemfuta dalali. Bakteria wanakodoa macho tu, maana aspatamu haiwashibishi, na asidi inafika ikiwa tayari imetiwa kiwandani: ya fosforiki kwenye kola, ya sitriki kwenye zile za ndimu na chungwa. Ndiyo, soda ya sukari nayo huja na asidi hiyohiyo, kisha inamlipa na dalali juu yake. Ubadhirifu.

Enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, huanza kulainika pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Kola ya ziro huwa karibu na 3, na kila namba moja ukishuka, asidi imeongezeka mara kumi. Ikishalika haioti tena. Mate hujitahidi kurudisha madini, ila yanataka nusu saa au zaidi ya utulivu, na mpenzi wa kweli wa ziro hayapi hata robo.

Huyo utamjua ofisini. Kopo liko kando ya kompyuta tangu saa nne asubuhi, gesi imeshaisha, naye anapiga funda moja, analizungusha mashavuni kama anayetawadha, anameza, anaandika mistari miwili, anarudia. Anayelimaliza kopo pamoja na chakula cha mchana ameyaonea huruma meno yake. Anayetumia mrija ndiyo kabisa, msaliti. Mpenzi wetu akimaliza hukimbilia mswaki hapohapo, enameli ikiwa bado laini, akaisugua kwa bidii ya mtu msafi.

Matunda yanaonekana. Ncha za meno ya mbele zinapitisha mwanga, umanjano wa dentini unachungulia, na maji ya baridi yanatia ganzi ambayo zamani ilihitaji embe bichi. Daktari anamulika, anachokonoa, anatafuta tundu la kuziba. Hakuna. Mgonjwa anatoka kifua mbele: meno hayajatoboka hata moja, yamepungua tu.