Uainishaji wa Maji Miguuni mwa Abiria

Pikapu zilizotumika Japani, zinazozunguka sasa kati ya Mikindani, Mtwara mjini na Kilambo, zina kiungo ambacho anatomia ya magari inakitambua lakini wenyeji hawajakiona kikifanya kazi. Ni hita: rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, inayoletewa maji ya moto ya injini kwa mipira miwili ili dereva asisikie baridi. Baridi yenyewe haijawahi kuripotiwa Mtwara. Kwa hiyo mwenye gari huijua hita siku inapovuja.

Hata hivyo, si kila kapeti lililolowa ni ushahidi. Jenasi ya Maji ya Kapeti ina spishi kadhaa pwani hii. Maji ya kiyoyozi ni baridi, hayana rangi wala harufu, na ni mengi kwa sababu hewa ya huku imejaa unyevu; kijibomba cha kuyatoa nje kikiziba, yanarudi ndani. Maji ya mvua hupenya pembeni mwa kioo cha mbele na huonekana kati ya Desemba na Aprili. Maji ya ndoo ya pweza iliyopakiwa Msimbati hayahitaji maelezo.

Inabaki kulanti, yaani kipozaji cha injini. Hiyo ni ya vuguvugu, inanata vidoleni na ina harufu tamu. Utamu huo usithibitishwe kwa ulimi, maana glaikoli ya ethilini huua figo. Kipimo halali ni kupitisha kidole kwenye kioo chenye ukungu. Ukungu ukiwa upande wa nje, ni umande tu wa kiyoyozi kilichozidishwa. Ukiwa ndani, na kidole kikatoka na utelezi, mtuhumiwa amepatikana.

Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba kinadhani kulanti ipo. Pikapu nyingi hunyweshwa maji matupu, mengine ya kisima chenye chumvi, na hapo hakuna harufu tamu wala utelezi. Kuna maji ya rangi ya kutu tu. Ndiyo hayohayo yaliyoitoboa hita.

Kuhusu tiba, mafundi wamegawanyika kimadhehebu. Wazibaji hutia unga wa kuzibia kwenye rejeta, na wenye msimamo mkali hutia pilipili manga. Huziba kweli, ila unga haubagui tundu na njia: unaoziba hita leo utaibana rejeta kubwa kesho. Wabadilishaji hushusha dashibodi nzima na kufunga hita mpya; wanaheshimiwa sana na hawapati wateja. Wazungushaji huchomoa mipira yote miwili kwenye ukuta wa injini, wakaiunganisha kwa mpira mmoja na klempu mbili, kisha wakauliza, “Hita ya nini Mtwara, bosi?”

Swali hilo halijajibiwa vizuri, nami niko upande wao, kwa masharti. Mpira uwe wa kuhimili maji ya moto yenye mgandamizo wa karibu baa 1, si ule wa kumwagilia bustani. Pia wasichanganywe na Wafungaji, wanaoziba kila mdomo kwa bolti: katika baadhi ya injini, njia ya hita ndiyo inayoyafanya maji yaendelee kuzunguka themostati ikiwa bado imefunga.

Pingamizi zito linatoka Newala. Pikapu iliyojaa mizigo ikipanda uwanda wa Makonde na mshale wa joto ukaanza kusogea, dereva mzoefu hushusha vioo, hufungua hita hadi mwisho na kuoga jasho, kwa kuwa hita inageuka rejeta ya pili. Mchanga wa Msimbati nao huleta mtihani huohuo. Yaani huku hita hutumika pale tu joto linapozidi. Wazungushaji hujibu kwamba rejeta nzima haihitaji msaidizi. Jibu ni sahihi. Rejeta nzima ndiyo adimu.

Mpaka wa nadharia hii ya Wazungushaji ni wa kijiografia. Inasimama Masasi, inasimama Tunduru, na baada ya Songea inaanza kutetemeka. Njombe, mwezi wa saba, ukungu wa kioo hautoki bila hewa ya moto. Lakini pikapu huuzwa na hita yake iliyokatwa bado imo nyuma ya dashibodi, na swichi inakwenda kwenye nyekundu bila kinyongo. Mnunuzi huijaribu Mtwara, saa saba mchana, vioo vikiwa chini, na anakiri kwamba inatoa moto.