Siku Bibi Alipopotea Erddig

Safari ya Erddig iliingia mkosi jikoni, gari halijawashwa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, alikuwa amepika pilau tangu alfajiri, na sasa anasema hatoki nyumbani bila hotpoti. Mume wangu akamwambia kule kuna mkahawa. "Siku ya kuwatembeza watoto, mwanangu, ukawalishe mkate wa kununua?" Hotpoti ikapanda gari, ikapakatwa na binti yetu kutoka Liverpool hadi Wrexham, kaskazini mwa Wales, na bizari ikanukia mpaka kwenye makoti.

Sisi si watu wa Krismasi, lakini shule zimefungwa na watoto wamechoka kukaa ndani. Desemba majumba ya kale ya huku hupambwa, na Erddig niliichagua mimi kwa sababu ninaipenda. Joshua Edisbury alianza kuijenga 1684, madeni yakamfilisi, ikanunuliwa na John Meller, mwanasheria wa London. Tangu 1733 ikawa ya ukoo wa Yorke, hadi 1973 Philip Yorke wa mwisho alipoikabidhi kwa shirika la National Trust. Kufikia hapo uchimbaji wa makaa ya mawe chini yake ulikuwa umeititisha nyumba karibu mita moja na nusu. Ukiiona leo imesimama, huwezi kuamini.

Tulipokewa na matope. Kitinda mimba akaacha gambuti moja topeni, akaendelea na soksi. Baba yake akarudi kulichomoa, mimi nikambeba mtoto, dada mtu ananivuta mkono akaone mti uliopambwa, kaka mtu kabanwa na mkojo. Tulipokuja kuhesabiana, Bibi hayupo. Nikampigia simu. Ikalia ndani ya kikapu, pembeni ya hotpoti.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, na jua la Desemba huku linazama karibu na saa kumi. Vyumba vingi vya nyumba ile havina taa za umeme; mwanga wa dirishani ukiisha, umeisha. Mume wangu akashika njia ya bustani, kwenye bwawa refu lililonyooka, nami sikutaka hata kufikiri kwa nini ameanzia majini. Mama wa miaka sabini na ushee, Kiingereza hajui, baridi haijui. Nilikuwa nikitembea huku nikimwomba Mungu kwa sauti, na watoto wakanyamaza wote, hata yule wa soksi.

Mzee mmoja wa kujitolea ndiye aliyetuokoa. Mama mwenye kanga nyekundu juu ya koti? Amepita nyuma, upande wa wafanyakazi. Tukapita karakana ya seremala, kwa mhunzi, mazizi ya farasi, chumba cha kufulia, jiko la mikate. Tukamkuta kwenye ukumbi wa watumishi, kasimama mbele ya picha ya bibi kizee.

"Huyu mwenye nyumba?" akaniuliza, kana kwamba tulikuwa pamoja muda wote.

Nikamsomea. Jane Ebbrell, mtumishi wa ndani na mfagia buibui, alichorwa 1793 akiwa na miaka 87. Philip Yorke wa kwanza alimleta John Walters, mchoraji wa Denbigh, awachore watumishi wake, naye mwenyewe akatunga beti za kila mmoja. Jirani yao yupo kijana mweusi mwenye baragumu. Yeye alichorwa zamani zaidi, na mtunzi wa beti zake anakiri kwamba habari zake ni chache: aliishi hapa, akapuliza baragumu kwa Bwana Meller. Bibi alimtazama huyo kwa muda mrefu kuliko wote.

Kisha akasema jambo ambalo hata mwanawe, aliyefika anahema, hakuwahi kulisikia. Usichana wake alifanya kazi nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, nje ya Tanga. Kila Krismasi wenye nyumba walipiga picha barazani, wao na mbwa wao. Yeye alisimama nyuma ya mpiga picha akimchezea mtoto njuga ili acheke.

"Bibi, na picha yako iko wapi?" akauliza mvulana.

"Sina, mume wangu."

Ndiyo maana ninasisitiza watu wanaotembelea majumba haya waanzie nyuma, kwenye majiko na vyumba vya kufulia. Kule mbele kuna vitanda vya hariri. Kule nyuma bibi yetu alimwona mwenzake.

Wakatuambia wanafunga. Pilau tulilila ndani ya gari, vioo vimejaa ukungu, bado la moto. Binti yetu akampiga Bibi picha kwa simu, akadai beti kama za Jane. Bibi ni mtu wa Tanga; hakufikiri sana:

Unga wao nilichunga, nikashika pasi moto,
Mbeleko nikaifunga, nikawabeba watoto.

"Endelea!" wakapiga kelele wote watatu.

"Kuleni kwanza," akasema, akinyoosha mkono kwenye hotpoti. "Bado sijafika kisimani, na mpishi wao nina maneno naye."