Jinsi ya Kujenga Kabati la Gemu Bila Kupewa Pole ya Msiba

Jiandae: majirani watakuja. Kabati la gemu la kusimama, lile lenye skrini juu na joistiki kifuani, huwa na kimo cha sentimita 170 hivi na upana wa 60. Ukilipakia kwenye guta likiwa limelala, limefunikwa shuka, kutoka karakana ya Mji Mpya hadi Kihonda, hapa Morogoro, wanaume njiani watavua kofia, na jioni mama wa nyumba ya pili atabisha hodi akiwa na kilo ya sukari na uso wa huzuni. Lisafirishe likiwa wima.

Sasa mbao. Gemu utaiweka kwa usiku mmoja, ila mbao ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo sababu nakusihi ulijenge kabati hili wewe mwenyewe badala ya kumwachia fundi. Anayeanza hutamani mninga kwa kuwa kitanda cha baba yake kilikuwa cha mninga. Mninga ni ghali mno kwa mtu ambaye hajaizoea randa. Nunua plaiwudi mbili za milimita 18, zile za futi 8 kwa 4, na paini za mbili kwa mbili za kushikia fremu ya ndani. Paini za Sao Hill, kule Mufindi, hupita Msamvu juu ya malori yanayokwenda Dar es Salaam. Ni miti iliyopandwa ili ikatwe.

Atatokea dalali atakayekunong'oneza kwamba anayo mbao nzuri na rahisi, imeshuka usiku kutoka mlimani. Mkatalie, tena kwa sauti ya kusikika. Misitu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na humo ndimo Mto Ruvu unamoanzia, mto unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Hakuna gemu duniani yenye thamani ya chemchemi moja iliyokauka. Dai mbao yenye alama ya nyundo ya serikali, na risiti uitunze.

Halafu subiri. Mbao mbichi ni adui wa mwanafunzi kuliko msumeno butu, maana ukiifunga wakati wa masika, wingu likiwa limelala juu ya kilele cha Bondwa, kufika Agosti maungio yatakuwa yameachia na mlango umepinda. Zipange paini kivulini penye upepo, kati ya safu na safu weka fito, na kila wiki pima uzito wa mbao ileile. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Usianze na msumeno. Tafuta boksi la friji, chora juu yake umbo la ubavu wa kabati, likate, lisimamishe ukutani, kisha simama mbele yake. Viwiko vyako vitakuambia meza ya vitufe ikae wapi. Kwa watu wazima wengi ni kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Ukiridhika, hamishia umbo kwenye plaiwudi, zibane mbavu mbili pamoja na uzikate kwa mkupuo mmoja. Mbavu zikipishana hata kwa sentimita moja, skrini itakaa upande, na kila mgeni atacheza akiwa ameinamisha shingo.

Kabla ya kutoboa, jiulize unataka kucheza nini. Pac-Man ya 1980 inahitaji joistiki peke yake. Street Fighter II ya 1991 inadai vitufe sita kwa kila mchezaji, nawe una watoto wawili wasiojua zamu, kwa hiyo ni kumi na viwili. Vitufe vingi huingia kwenye tundu la milimita 28 au 30. Nunua kitufe kwanza, biti baadaye. Toboa kwa mbele mpaka ncha itokeze nyuma, kisha geuza umalizie upande wa pili, plaiwudi isichanike.

Ukikosa vitufe mjini, panda treni ya SGR. Tangu 2024 Moro na Dar ni chini ya saa mbili, kwa hiyo unaweza kwenda Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo. Ubongo wa kabati unaweza kuwa kikompyuta cha Raspberry Pi au kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini. Kuhusu skrini, najua stoo kwenu ipo TV ya chogo na inakutazama. Usiifungue. Kioo chake huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa ukutani, na hapo msiba utakuwa wa kweli. Tumia skrini bapa.

Toboa matundu ya hewa mgongoni kwa ajili ya joto la Desemba. Miguu iwe ya mtiki, kwa sababu mchwa wa Moro hawajali sanaa. Ubavuni usibandike picha ya mwanasesere wa Japani. Choresha picha ya mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, nyuma yake milima. Moro, mji kasoro bahari, ina mashujaa wake.

Tundu la sarafu usiweke kabisa. Mtoto aliyezoea kulisha mashine shilingi 200 sebuleni hatashindwa kulitambua dubwi la kamari la kwenye baa, na mashine ile haina mchezo ndani yake.

Vipande vya mbao vitabaki. Usivichome. Gonga kigoda cha sentimita 25, ukipige msasa vizuri kingo zote, kwa sababu mtoto wa miaka sita hafiki kwenye vitufe, na yeye ndiye atakayecheza kuliko wote.