Pakiti na Chupa

Jikoni, nyumba moja ya Palma, pwani ya Msumbiji, usiku wa Juni. Kusi linachezea makuti. Juu ya dari la fito ipo chupa ya mbegu za bamia, imetiwa jivu na kuzibwa kwa gunzi. Kando yake pamelazwa pakiti mpya, zawadi ya mradi. Mradi gani, hata mwenye nyumba hakumbuki. Aligonga dole gumba, akapewa na kofia. Panya kakaa katikati yao, hakimu asiyeitwa.

PAKITI: Shikamoo, bibi. Samahani, hapa hakuna kipimajoto?

BAMIA: Marahaba, mjukuu wangu. Cha nini?

PAKITI: Mgongoni nimeandikwa nisipelekwe shambani kabla barafu ya mwisho haijapita. Nianzishwe ndani, dirishani, wiki nne.

PANYA: Barafu ya mwisho imepita leo saa nne asubuhi, ndani ya boksi la mchuuzi wa samaki. Niliilamba mwenyewe. Uko huru.

PAKITI: Mimi chotara wa nchi za baridi! Nimezalishwa kwa ajili hiyo.

BAMIA: Huku baridi yetu nzima ni kanga ya pili usiku wa kusi. Lakini baridi usinisimulie, mjukuu wangu. Nimeishi Mueda.

PANYA: Tunaanza.

BAMIA: Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mwenye nyumba alinifunga kwenye pindo la kanga. Sufuria aliiacha. Tukapita Nangade, tukapanda hadi kule juu kwa Wamakonde. Juni ya Mueda, ukungu huamka kabla ya watu. Akanifukia kama alivyozoea hapa pwani, mbegu tatu shimo moja, akamwagilia. Wiki mbili tumekaa chini tunatazamana. Wenzangu wakaanza kuoza. Na uwanda ule hauna mto, maji watu wananunua kwa dumu. Kuozesha mbegu kwa maji ya kununua, uchungu wake ulizeni.

PAKITI: Udongo ulikuwa chini ya nyuzijoto 18. Imeandikwa.

BAMIA: Yeye aliusoma kwa kiganja. Waliobaki akatulaza usiku kucha kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kando ya mafiga, hadi ganda likalegea. Akakata dumu la mafuta, akalitoboa chini, akatia udongo na samadi ya mbuzi. Mchana tuliegemea ukuta unaopigwa na jua. Magharibi tukiingizwa ndani, tukilala na watoto. Saba chini ya turubai moja, na dumu la nane.

PAKITI: Hiyo si mbinu iliyothibitishwa.

BAMIA: Watoto walinithibitisha kwa shima. Nilizaa kwa uvivu, sikatai, mabinda ya saizi ya kidole cha mtoto. Joto liliporudi ndipo nilipochangamka. Lakini mlenda ulikuwa mlenda.

PAKITI: Ukoo wetu una tuzo, bibi. Clemson Spineless alitunukiwa Marekani mwaka 1939. Hana miiba!

BAMIA: 1939 huku hatukuwa na nafasi ya sherehe. Mwaka mmoja nyuma Wareno waliunda bodi yao ya pamba. Pamba ni binamu yetu, litazame ua lake. Naye alifika kama wewe: mbegu ya kugawiwa, mgawaji mwenye kofia, na maelekezo. Muhogo ukasubiri, mtama ukasubiri, na asiyepalilia pamba akachapwa. Kulazimishwa huko kulifutwa 1961.

PAKITI: Mimi sikutumwa kulazimisha mtu.

BAMIA: Pamba naye alikuwa mbegu tu.

(Kimya. Kusi linasogeza kuti moja.)

PAKITI: Walau jina langu ni la kimataifa. Okra. Wafaransa wananiita gombo.

BAMIA: Okra ni la Waigbo, gombo limetoka Angola. Liliondoka Afrika pekupeku, limerudi limevaa plastiki.

PANYA: Nina swali la kitaalamu. Mbegu zako za mwakani zitafanana na wewe?

PAKITI: Za chotara hazifanani. Mwakani watanunua nyingine.

PANYA: Duka wapi?

PAKITI: Hilo halikuandikwa.

PANYA: Basi mimi nimekwisha kuonja. Kona yako ya kushoto, samahani, nilitoboa jana. Mbegu ya pinki! Nimetema. Mimi sili kitu kilichopakwa rangi ya mdomo.

PAKITI: Ni dawa ya kuzuia ukungu!

PANYA: Ukungu uko Mueda, bwana.

(Miguu inaburuzika sakafuni. Mwenye nyumba anapanda juu ya kinu, anashusha chupa, anasita, anashusha na pakiti. Anang'oa gunzi, anamimina kiganja kimoja kwenye bakuli. Kwenye bakuli la pili anamimina nusu ya pakiti. Kesho kuna tuta bondeni.)

PAKITI: Bibi! Maji ni ya uvuguvugu?

BAMIA: Ya kisimani. Ingia.